Hongera ya mimba ambayo sina, na rangi ninazopika jikoni Tabata

Jumamosi moja niko soko la Buguruni, nimeinama kwenye meza ya mama mmoja anayeuza udongo wa kula, ule wa vijiti, kuna mweupe, kuna wa kijivu, kuna mwekundu kidogo, umepangwa vizuri kama biskuti. Nachagua kwa makini, nageuza kijiti kimoja kimoja, nakisugua na kidole kuona unga wake ukoje, na yule mama ananiangalia tu hasemi kitu. Mwisho akacheka, akasema "hongera mwanangu, miezi mingapi?"

Nikamwambia hapana mama, sina mimba, nataka kuchorea.

"Kuchorea."

Ndiyo mama, natengeneza rangi.

Akaniangalia tena toka juu mpaka chini. "Haya mwanangu, hata mimi ya kwanza niliificha." Akanifungia kwenye gazeti, akaniongeza vijiti viwili vya bure, kasema vya mtoto.

Sasa kabla hamjaanza kunitumia meseji za hongera na nyie, ngoja nieleze hii habari ilianzaje.

Mi nachora, si kazi, ni kitu cha kupoza kichwa nikitoka ofisini. Nilikuwa natumia rangi za maji za kwenye boksi, zile za kulowesha brashi, boksi nilinunua mjini elfu thelathini na tano na ni za wanafunzi tu sio za maana. Njano ikaisha. Katikati ya mwezi, pesa imeisha zamani, na nina alizeti nusu kwenye karatasi inasubiri. Nikaangalia jikoni nikaona kopo la manjano. Nikasema si unga huu, si una rangi, kuna ubaya gani? Nikavunja yai, nikachukua kiini, nikakoroga na manjano na maji kidogo, nikapaka. Jamani ile rangi! Boksi langu halijawahi kutoa njano ile hata siku moja, iliwaka mpaka mdogo wangu alipoingia akauliza nimenunua rangi gani mpya. Nikaibandika ukutani pembeni ya dirisha kwa majivuno kabisa.

Baada ya kama wiki tatu alizeti haipo. Sitanii. Imebaki mistari ya penseli na kivuli cha njano kama mtu kamwaga chai ya rangi akafuta. Dirisha letu linaangalia magharibi, jua la jioni linapiga pale kisawasawa, likailamba yote.

Hapo ndo nikaanza kuwaza kitu ambacho mpaka leo hakijanitoka kichwani. Hii rangi tunaiita manjano kwa sababu ya kiungo manjano. Yaani sisi jina la rangi ni jina la kitu. Na si hiyo tu, hesabu mwenyewe: kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, zambarau ni zambarau, machungwa ni machungwa, waridi ni ua. Ni kama mtu alikupa orodha ya kwenda nayo sokoni halafu ukasahau kwamba ni orodha. Basi nikajiwekea mradi, nitajaribu kila rangi kwa kitu kilichoipa jina, nione jina linasema ukweli au linatudanganya.

Jaribio lenyewe halina ufundi mwingi. Nilichukua karatasi ngumu nikakata vipande virefu, kila kipande nikapaka rangi moja, nusu nikaifunika na foili, nusu nikaiacha wazi, nikabandika vyote dirishani. Baada ya muda unafunua foili unalinganisha. Ukitaka kuijua rangi vizuri iweke kwenye jua la Dar, utajua hujui.

Nianze na machungwa maana hiyo imenichekesha mwenyewe. Nilichemsha maganda, nikayakausha nikayasaga, nikayaloweka kwenye spiriti, sikupata chochote cha maana, maji ya njano hafifu na harufu nzuri ya ndani ya nyumba basi. Halafu nikakaa nikaangalia yale machungwa mezani, ya Muheza, matamu, yameiva kabisa, na ni ya KIJANI. Machungwa yetu yanaiva yakiwa kijani kwa sababu huku kwetu usiku haupoi vya kutosha kuliondoa lile kijani kwenye ganda, yale ya rangi rangi ni ya nchi zenye baridi. Kwa hiyo rangi ya machungwa tunayoijua sisi ni ya juisi, au ya picha kwenye pakti.

Machungwa ya kweli niliipata sehemu nyingine. Rafiki yangu wa Unguja aliniletea mbegu za mzingefuri, zile za kwenye kiganda chenye vinywelea, ukizisugua mkononi kidole kinakuwa chekundu cha kuelekea machungwa na hakitoki leo. Mzungu akienda kutembezwa mashamba ya viungo lazima apakwe mdomoni. Neno lenyewe lina mambo, kwa Waarabu zunjufr ni ile rangi nyekundu ya jiwe lenye zebaki ndani, sumu kabisa, sisi huku tukalipa jina hilo mti ambao watu wanatia kwenye chakula. Tuliponea hapo. Ila dirishani nayo haikudumu, imeenda njia ya manjano, polepole kidogo tu.

Kijani: mchicha, kisamvu, majani ya mpapai, vyote nilitwanga. Siku ya kwanza kijani safi. Siku ya nne kijani cha kisamvu kilicholala. Baada ya wiki mbili ni kahawia, sina la kuongeza.

Zambarau hii ndo ilinipa kesi na mama mwenye nyumba.

Ukikamua zambarau unapata maji ya rangi yenyewe hasa, na yanachezeka vibaya mno. Ukidondoshea limau yanakuwa mekundu ya waridi, ukitia magadi yanageuka bluu halafu kijanikijani, hapo hapo, mbele ya macho yako, mdogo wangu aliita watoto wa nyumba nzima waje waone. Tatizo maji hayo ni rangi ya kutia kitu, si rangi ya kupaka. Hii tofauti sikuijua mwanzo na ndo kila kitu. Kuna rangi inayoyeyuka kwenye maji, kama chai, hiyo inaingia kwenye nguo au karatasi. Na kuna rangi ambayo ni unga usioyeyuka, kama udongo, hiyo unaichanganya na kitu cha kunata inakaa juu. Mchoraji anataka ile ya pili. Ila kuna njia ya kuigeuza ya kwanza iwe ya pili, watu wa zamani waliijua, unahitaji shabu (nasema shabu ile jiwe la kusafishia maji na la kwa kinyozi, msiniletee mambo mengine). Unayeyusha shabu kwenye maji ya rangi yako ya moto, halafu unatia magadi yaliyoyeyushwa, kidogo kidogo, inatoa povu, na ule unga unaojitengeneza mle ndani unaikamata rangi unashuka nayo chini. Unachuja na kitambaa, unakausha, unasaga, una unga wa rangi.

Kidogo kidogo. Hilo ndo neno. Mi nilimimina kikombe chote mara moja. Povu lilipanda kama maziwa yamechemka, likavuka sufuria, likashuka jiko, likapita kaunta likaenda sakafuni kwenye zile tailizi nyeupe ambazo mama mwenye nyumba anazitaja kila akija kuchukua kodi. Nikafuta, nikasugua, nikaweka limau, pakawa pinki. Nikaweka sabuni ya unga, pakawa bluu. Mwisho palibaki doa la kijivu katikati ya tailizi mbili na nilipoulizwa nikasema ni ubuyu. Na ule unga wa zambarau niliopata, baada ya tabu yote ile, dirishani umekuwa rangi ya matope.

Kuhusu ubuyu tukiwa hapo hapo: nilijaribu kukamua na wekundu wa ubuyu, usijisumbue, ile ni rangi ya chakula ya kopo tu imetiwa.

Kahawa na chai vimejitahidi kiasi. Kahawa ikichemshwa mpaka iwe nzito kama asali inatoa kahawia nzuri sana ya kuchorea nyuso na vivuli, unaanza na nyepesi unazidisha tabaka, na nusu iliyokuwa wazi imepauka ila bado unaiona. Hina nayo inatoa kahawia ya kutulia. Ila hina namaanisha hina ya majani, sio piko. Piko ni dawa ya nywele ya kiwandani, ina kitu kinachochoma ngozi za watu, kuna mabibi harusi wametoka malengelenge mikononi kwa ajili ya ile weusi wa haraka, usiiguse hata kwa karatasi maana utaishika tu na vidole.

Bibi yangu ni wa Rufiji, alisuka mikeka mpaka macho yalipogoma. Nilimpigia kumuuliza wao walikuwa wanatia ukindu rangi na nini. Akaniambia mdaa, unachimba mizizi yake unaichemsha na ukindu, unatoka mweusi. Mi tayari nimeshatoa daftari niandike, nauliza bibi mnachemsha muda gani, maji kiasi gani, akanikata: "Wewe mjukuu wangu, siku hizi rangi za unga zinauzwa, nani akachimbe mizizi juani?" Na alivyosema kwa dharau sasa, kama namrudisha utumwani. Nikaona aibu kidogo. Sisi wa mjini tunaona vitu hivi vitamu kwa sababu hatukulazimishwa kuvifanya.

Sasa tuje kwenye udongo, maana hapo mradi ulibadilika.

Vile vijiti vya Buguruni nilivitwanga, ile nyeupe ikatoa unga laini mno. Hapa Dar udongo mweupe hatuna haja ya kuutafuta mbali, milima ya Pugu ina kaolini, ule udongo mweupe unaotumika kutengenezea vyombo vya kauri na karatasi na hata rangi zenyewe za viwandani, na kule kuna mapango yaliyobaki ya machimbo ya zamani, sasa hivi wapangaji ni popo. Nyekundu nilienda kuichukua njia ya Kisarawe, kuna jamaa walikuwa wanachimba msingi wa nyumba, udongo umetoka mwekundu kama umepakwa. Nikaomba kiroba. Fundi akauliza wa kupandia maua? Nikasema ndiyo, nimeshajifunza, nikieleza ukweli naongezewa vijiti.

Kuusafisha ni kazi ya subira lakini si ngumu. Unaanika ukauke kabisa, unatwanga kwenye kinu (vaa barakoa, lile vumbi si zuri kifuani), unachekecha. Halafu unatia kwenye ndoo ya maji unakoroga vizuri, unasubiri kama dakika moja tu, mchanga unatua chini, yale maji ya tope yaliyobaki juu unayamimina ndoo ya pili. Unarudia. Ndoo ya mwisho unaiacha ilale, asubuhi maji yako juu masafi na chini kuna kitu laini kama krimu. Kausha, saga tena, kwisha. Kiroba kizima kilinipa kopo moja la Blue Band la unga mwekundu, na nimelitumia mwaka mzima bado liko zaidi ya nusu.

Nyeusi ndo rahisi kuliko zote. Mkaa unasaga. Au ukitaka nyeusi ya giza kabisa unawasha kibatari, unashikilia sosa juu ya moto, masizi yanajikusanya unayakwangua na wembe. Wino mweusi wa zamani wa Wachina ni masizi na gundi, hakuna siri nyingine. Ila masizi yana kiburi, ukiyatia kwenye maji yanaelea juu hayataki kulowa, nilikoroga nusu saa mpaka mkono ukauma, dawa yake ni matone machache ya Konyagi, ile pombe kali, yanalegea hapo hapo. Sasa nikiwa na chupa pembeni nachora mdogo wangu anapita anasema msanii kazini.

Kitu cha kunatia nimejaribu viwili. Kiini cha yai, hicho unakitoa ute wote, unakiviringisha kiganjani mpaka kikauke nje, unakitoboa unamwaga cha ndani unaacha ile ngozi. Waitalia walichorea hivyo miaka na miaka kabla ya mambo ya rangi za mafuta kushika, na michoro ipo mpaka leo kwenye mbao makanisani. Njano ya yai lenyewe usiogope, inapauka yenyewe haiharibu rangi yako. Ila yai ni la siku hiyo hiyo, kesho ni harufu. Cha pili ni ule utomvu wa mkorosho, zile gundi za rangi ya asali zinazotoka kwenye gome, unaloweka usiku kucha unachuja, unaongeza asali kidogo ili rangi isipasuke ikikauka, na mafuta ya karafuu matone mawili isiote ukungu. Hii unaweza kuikausha ukaiweka, siku ukiitaka unalowesha tu. (Utomvu wa gome nasema, sio yale mafuta ya ganda la korosho, yale yanababua ngozi.) Asali ukizidisha sisimizi watakuja kula picha. Nina picha ya Feri ambayo boti moja imeliwa nusu, na si kwa ubunifu.

Rangi zangu nazikaushia kwenye kombe nilizookota Kunduchi. Nilidhani nimebuni mwenyewe. Kumbe huko Afrika Kusini kuna pango linaitwa Blombos, watafiti walitangaza mwaka 2011 kwamba wamekuta magamba mawili makubwa ya konokono wa baharini yametumika kuchanganyia rangi, ndani kuna udongo mwekundu uliosagwa, mkaa, na mifupa, na mawe ya kusagia yako pembeni. Kama miaka 100,000 iliyopita. Mtu alikaa pale, kasaga, kakoroga kwenye kombe, kaacha vyombo bila kuosha. Hata mi siku nyingine.

Na kwetu sisi kuna Kondoa. Ile michoro ya kwenye miamba kule Kolo na maeneo yake iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, Mary Leakey alikaa kule mwaka 1951 anainakili mmoja mmoja, watu warefu wembamba, pundamilia, twiga, na karibu yote ya zamani ni mekundu, ile nyekundu ya udongo wenye kutu ya chuma. Nyeupe ilikuja baadaye. Miamba mingi iko wazi, upepo unapita, jua, na bado unaona mpaka nywele za mtu zilivyokaa. Alizeti yangu wiki tatu.

Kwa hiyo nikafunua foili zangu zote siku moja nikazipanga mezani. Manjano, hamna. Zambarau, tope. Kijani, kahawia. Machungwa ya zingefuri, kivuli. Kahawa, iko iko. Halafu nyekundu ya udongo: nusu iliyofunikwa na nusu iliyokuwa juani huwezi kuzitofautisha. Nyeupe ya kaolini, vile vile. Nyeusi ya masizi, vile vile.

Nyeusi, nyeupe, nyekundu. Nikarudia kwa sauti nikiwa peke yangu mezani. Si hizo ndo rangi tatu tu ambazo Kiswahili kimezipa neno lake lenyewe? Gari jeusi, nyumba nyeupe, kiti chekundu, zinabadilika zinafuata kitu kama sifa nyingine zozote, kubwa, zuri, refu. Zilizobaki zote zinabebwa na "ya", shati la kijani, kitenge cha manjano, viatu vya kahawia, huwezi kusema kiti chajani. Zile tatu ni za nyumbani, hizi nyingine ni wageni wamekaribishwa kwa jina la walikotoka.

Sasa mi si mtu wa lugha, na najua kuna Wamarekani wawili, Berlin na Kay, waliandika mwaka 1969 kwamba lugha nyingi duniani huanza na nyeusi na nyeupe halafu nyekundu ndo nyingine zinafuata, wakaeleza kwa mambo yao ya macho na akili. Watakuwa na sababu zao. Ila mimi niliyetwanga naona kitu kingine: zile tatu ndo unazipata chini ya miguu na kwenye jiko, zipo mwaka mzima hazina msimu, na ukizipaka hazikimbii. Kitu kikikaa namna hiyo hata mi ningekipa neno lake. Rangi ya zambarau ukiimaliza leo unasubiri msimu, na ukiipaka inakuacha. Ni dhana yangu tu, anayebisha alete kipande chake tubandike dirishani.

Kwenye hili la vitu visivyo vya kuchorea, mtu asije akadhani lazima iwe majani na udongo. Edward Said Tingatinga alipoanza hapa hapa Dar mwaka 1968 hakuwa na rangi za wasanii. Alichukua rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, na mbao zile nyembamba za hadibodi ambazo mafundi wanaziweka kwenye dari, akachora wanyama, wakawa wanauzwa pale Morogoro Stores Oysterbay. Alifariki 1972, miaka minne tu, na mpaka leo kuna ukoo mzima wa wachoraji wanakula kwa mtindo wenye jina lake. Ule mng'ao tunaoujua kama uzuri wa Tingatinga ni mng'ao wa rangi ya baiskeli. Uingereza kuna Chris Ofili, huyo alitumia mavi ya tembo kwenye picha zake akashinda tuzo ya sanaa ya Turner mwaka 1998, watu walipiga kelele sana, mwenzangu Mmasai ambaye nyumba ya mama yake imekandikwa kwa mavi ya ng'ombe nilipomsimulia aliuliza tu kama yalikauka vizuri.

Imebaki bluu. Bluu inanitesa mpaka leo. Hata jina hatuna, bluu ni neno la Kizungu, tukitaka kujidai tunasema samawati, na nili ni mmea ambao sijawahi kuushika. Huko nyuma wachoraji wa Ulaya bluu nzuri waliisubiri itoke Badakhshan, Afghanistan, jiwe linasagwa, bei yake inashindana na dhahabu. Mpaka Wafaransa wakaweka zawadi mwaka 1824, faranga 6,000 kwa atakayeitengeneza kiwandani kwa bei ndogo, na jamaa anaitwa Guimet akaipata, udongo mweupe na soda na salfa na mkaa vinachomwa pamoja. Bei ikaanguka. Ikaanguka mpaka ikafika kwa mangi, duka la mtaani.

Ndiyo, kwa mangi! Bluu ya kufulia. Ile ya kizamani ya kidonge, mama anaisugua kwenye beseni anasuuzia mashati ya shule yawe meupe. Ile ya asili ni hiyo hiyo bluu ya Guimet. Ila siku hizi nyingine zinazouzwa ni maji ya rangi tu, kwa hiyo kuna namna ya kuipima, weka unga kidogo kwenye kisahani, kamulia limau, kaa nayo. Ikiwa ndiyo, bluu inaanza kufa na unasikia harufu ya yai viza, ni ile salfa inatoka. Ikiwa sio, limau linakuwa la bluu tu. Nilinunua za maduka matatu ya Tabata, ya tatu ikanuka. Sijawahi kufurahia harufu mbaya namna ile maishani mwangu, nilimwita mdogo wangu aje anuse.

Nikaisaga, nikaitia utomvu wa mkorosho, dirishani ikakaa kama haijaliona jua. Kwa hiyo hapo nina nne: nyeusi, nyeupe, nyekundu, na ya beseni la kufulia.

Kijani sina bado. Mwaka jana kabla sijamaliza haya majaribio dada yangu wa Mbezi alihamia nyumba yake, nikamchorea mwembe wa kwa bibi, mkubwa, umejaza karatasi yote. Shina udongo na masizi, na majani nilichanganya bluu ya kufulia na manjano, kikatoka kijani cha mwembe kabisa, kile cha majani mapya, nilijisifia wiki nzima. Nikampa na fremu. Akautundika sebuleni, ukuta unaoangaliana na mlango wa baraza, mwanga mtupu.

Wiki iliyopita nimeenda kwake. Manjano imeondoka yote. Mwembe una majani ya bluu, bluu ya shati la shule, kila jani. Nimesimama pale mlangoni sijavua hata viatu, natafuta namna ya kuanza kuomba radhi, dada ananivuta mkono ananitambulisha kwa wageni, huyu ndo mdogo wangu aliyechora ule mwembe, na mzee mmoja kwenye kochi akatikisa kichwa taratibu akasema "aisee, hayo majani ya bluu, umewaza nini pale?"

Nikakaa, nikaomba maji ya kunywa.